Kesi ya Mtoto, Mzazi Anayeacha Ulevi au Unga: Mwongozo Kamili kwa Timu ya Mahakama Nairobi

Mwongozo huu ni wa hakimu wa watoto, afisa wa watoto, afisa wa probesheni, wakili na mshauri nasaha wanaokutana kwenye faili moja: mtoto ametolewa nyumbani au yuko karibu kutolewa kwa sababu mzazi anakunywa chang'aa, anavuta heroini au anachanganya vidonge na pombe, na mzazi huyo anasema anataka kuacha. Unaeleza jinsi ya kuiendesha faili hiyo kwa mwaka mmoja hivi bila kumjeruhi upya mzazi aliyekwisha kujeruhiwa, na bila kumsahau mtoto anayekua huku watu wazima wakiahirisha.

Mtindo wenyewe, wa korti na tiba kufanya kazi pamoja, una umri wa kutosha. Mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya ilifunguliwa Miami, Marekani, mwaka 1989. Katikati ya miaka ya 1990 mji wa Reno, Nevada, ukaupeleka utaratibu huo kwenye kesi za watoto. London ilianza yake mwaka 2008 chini ya hakimu Nicholas Crichton. Zote hizo zina jambo moja linalozitenga na korti ya kawaida: hakimu yule yule hukutana na mzazi yule yule kila wiki mbili, na watu wa tiba wamo katika kesi tangu siku ya kwanza, hawaitwi mwishoni kuja kutoa ripoti.

Kenya haihitaji kusubiri sheria mpya ili kufanya hivyo. Ibara ya 53 ya Katiba inampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi na kuweka maslahi yake mbele ya yote. Sheria ya Watoto ya 2022 inamwezesha hakimu kumweka mtoto kwa jamaa au mtu anayefaa, kutoa amri ya usimamizi, amri ya kumtembelea mtoto, na amri ya usaidizi wa familia inayobeba ushauri nasaha. Mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao na kurudi katika familia. Vipande vipo. Kazi ni kuviunga.

Kwa nini kiwewe kiingie kwenye hesabu

Mzazi anayechelewa, anayecheka mahali pasipochekesha, anayemjibu hakimu kwa ukali au anayeangalia ukuta kana kwamba hasikii, mara nyingi huandikwa kwenye faili kuwa "hana ushirikiano". Kwa mtu aliyepigwa miaka mingi, aliyebakwa, aliyekimbia mtaa katika ghasia za baada ya uchaguzi mwaka 2008 au aliyeamshwa na tingatinga linabomoa nyumba, hizo ndizo njia ambazo mwili umejifunza kuokoka. Jeraha hilo la ndani ndilo tunaloliita kiwewe. Mwili huo ukisikia mlango ukifungwa kwa kishindo, ukaona sare, ukasikia jina likiitwa kwa sauti kuu, hujibu kabla akili haijafika. Utafiti wa San Diego, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na kuhusisha watu zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa kadiri mtu alivyopitia mateso mengi utotoni ndivyo uwezekano wa ulevi na wa kujidunga dawa ulivyopanda. Kwa hiyo ulevi na kiwewe mara nyingi huja pamoja, na timu inayoshughulikia kimoja tu itaona mzazi akirudi nyuma kila mara bila kuelewa sababu.

Hilo halimaanishi kulegeza kamba. Sehemu kubwa ya kazi hii si maneno matamu, ni mambo ya ratiba: nani anaitwa saa ngapi, nani anakaa wapi, kipimo kinachukuliwaje, na nini hutokea mtu akiteleza. Mtu mwenye kiwewe hutulizwa na jambo analoweza kulitabiri. Korti yenye huruma nyingi isiyotabirika humuumiza kuliko korti kali inayofanya ilichosema.

Hatua ya 1: Chagua faili, na anza na chache

Anza na familia 12. Hesabu ni rahisi: dakika 15 kwa kila familia mbele ya hakimu ni saa tatu, na mkutano wa timu kabla ya kikao, dakika 6 kwa kila faili, ni zaidi ya saa moja. Hapo siku nzima imekwisha. Timu zinazoanza na familia 40 huishia kumharakisha kila mzazi, na tafiti za mahakama za dawa Marekani zimeonyesha kwamba hakimu anapozungumza na mtu kwa angalau dakika tatu matokeo huwa bora kwa kiasi kikubwa.

Faili inayofaa ina mambo matatu: ulevi ndio kiini cha kumpuuza mtoto, mtoto ana mahali salama pa kukaa wakati wa matibabu, na mzazi mwenyewe amekubali. Mzazi anayetuhumiwa kumdhulumu mtoto kingono asiingizwe hapa. Faili hiyo ina njia yake.

Kukubali kuwe kwa kweli. Mpe mzazi maelezo kwa lugha anayoongea nyumbani, mpe siku tatu za kufikiri, na asitie sahihi kabla hajaonana na wakili. Asiye na pesa za wakili aelekezwe kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au kwa FIDA Kenya na Kituo cha Sheria. Mzazi aliyetia sahihi kwenye korido akiwa na arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa kilevi ulichozoea, mikono ikitetemeka, hajakubali chochote, na wiki ya tatu atakwambia hivyo.

Hatua ya 2: Andika makubaliano kabla ya kumwona mzazi wa kwanza

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Timu huanza kwa nia njema, kisha siku moja mzazi anamwambia mshauri kwamba aliuza misokoto ya bangi mwezi uliopita, habari inafika kwa polisi, na ndani ya wiki hakuna mzazi mwingine anayesema ukweli.

Kupitia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, kubalianeni kwa maandishi na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, polisi, Idara ya Watoto na watoa tiba kwamba kile mzazi anachosema katika tathmini na matibabu hakitatumiwa kumfungulia mashtaka. Kisha tengenezeni fomu ya ridhaa. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo fomu itaje wazi nani anapata nini na hadi lini. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: korti inapata mahudhurio, matokeo ya vipimo na mapendekezo ya tiba. Yaliyosemwa ndani ya chumba cha ushauri hubaki humo. Vighairi ni viwili tu, hatari kwa mtoto na hatari ya mzazi kujiua, na mzazi avisikie mapema kutoka kinywani mwa mshauri, si kuvigundua baadaye.

Kuhusu kujiua: Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Mwambie mzazi hivyo waziwazi. Wengi bado wanaogopa kwamba wakikiri watafungwa, na swali la kujiua huulizwa bure.

Hatua ya 3: Siku kumi za kwanza

Usianze na maswali ya maisha. Anza na mwili.

Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka hapaswi kuambiwa "acha leo". Mitetemo huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege linaweza kuja ndani ya saa 48, na kati ya saa 48 na 96 huja hali ya kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyopo, ambayo huua. Mzazi aliyewekwa rumande Ijumaa jioni yumo hatarini zaidi Jumapili usiku, wakati ambao hakuna daktari karibu. Amri ya kwanza ya hakimu iwe ya uchunguzi wa daktari, na mtu wa namna hiyo aachie pombe hospitalini. Mathari ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa kwa mambo haya.

Kwa heroini, arosto hutesa lakini kwa mtu mzima mwenye afya si kawaida kuua. Kinachoua ni kurudi. Mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unapoteza uvumilivu, na kipimo alichozoea kinatosha kumsimamisha pumzi. Kwa sababu hiyo, rihabu ya siku 90 bila mpango wa siku ya 91 ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Kliniki za methadone, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini na kuzuia arosto, za Mathari, iliyoanza Desemba 2014, na Ngara ziwe chaguo la mapema. Na timu nzima ikubaliane kuwa methadone ni dawa. Hakimu au afisa anayemwambia mzazi "utaacha na hiyo lini?" anamsukuma kurudi mtaani. Mtu akikosa methadone siku tatu au zaidi, kliniki hulazimika kumshusha kipimo na kumpandisha upya kwa usalama wake.

Ukichagua rihabu, uliza cheti cha NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kabla ya kuuliza bei. Vitanda vya wanawake ni vichache, na vinavyompokea mama pamoja na mtoto mchanga ni vichache zaidi, kwa hiyo orodha ya vituo ihakikiwe kwa simu kila mwezi. Wakati huohuo msaidie mzazi kujisajili na SHA, bima ya afya ya taifa, kama bado. Laini ya bure ya NACADA, 1192, mwekee kwenye simu yake mbele yako. 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia zifuate.

Tathmini ya ulevi ifanyike wiki ya kwanza. Maswali kumi ya AUDIT yanatosha kwa pombe: alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari, 20 na kuendelea huashiria utegemezi. Kwa dawa nyingine tumia ASSIST ya Shirika la Afya Duniani. Tathmini ya kiwewe, kama PCL-5 yenye maswali 20, isubiri. Kukosa usingizi, kushtuka ovyo, moyo kudunda na hasira ni dalili za kiwewe, lakini pia ni dalili za arosto. Ukipima siku ya tano utapata jibu la uongo. Ngoja wiki tatu au nne. Alama zikifika 31 hadi 33 au zaidi ndipo mtu hupelekwa kwa mtaalamu.

Wala usimtake mzazi asimulie yaliyompata. Korti haihitaji kisa. Inahitaji kujua kama kiwewe kipo, kinachochewa na nini, na tiba ipi imeanza. Mama anayesimulia kubakwa kwake kwa polisi, kisha kwa afisa wa watoto, kwa wakili, kwa mshauri, kwa hakimu, ameumizwa mara tano na ofisi zilizokusudia kumsaidia. Kisa kisemwe mara moja, kwa mtu wa tiba, kwa wakati anaouchagua yeye.

Hatua ya 4: Siku ya kikao

Ratiba ya korti inayosema "saa tatu asubuhi, wote" ni kosa la kwanza. Mzazi wa methadone kwa kawaida lazima afike kliniki kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, anywe dawa mbele ya mhudumu. Akitoka Mathari anahitaji kufika mjini, kisha kupanda tena hadi korti ya Milimani. Ukimwita saa tatu unamtaka achague kati ya dawa na mtoto. Mpe saa yake mahususi, tuseme saa tano na nusu, na uiheshimu. Mama mboga aende Marikiti alfajiri, apange biashara, kisha aje. Mtu wa kibarua apewe barua yenye muhuri isemayo tu kuwa ana shughuli mahakamani, bila kutaja ulevi.

Nauli ni kizuizi halisi. Weka kiasi kwenye bajeti na kitumwe kwa M-Pesa jioni ya kuamkia kikao. Ukituma asubuhi, mzazi amekwisha kukopa au amekwisha kukata tamaa. Vikao vya mtandaoni huokoa nauli, lakini mtu anayeishi chumba kimoja na mume anayempiga hawezi kusema ukweli kwenye simu mume akiwa kitandani. Uliza kwanza: "Uko peke yako? Kuna anayekusikia?" na ukubali jibu la ndiyo au siyo bila maelezo.

Chumba chenyewe hakihitaji pesa. Kesi za watoto husikizwa faraghani, kwa hiyo hakuna umati. Mpange mzazi akae mezani pamoja na timu, si kizimbani. Akae mahali anapouona mlango, asiwe na mtu nyuma ya mgongo. Askari avae nguo za kiraia ikiwezekana, la sivyo asimame nje. Weka maji ya kunywa. Funika saa inayopiga kelele, zima redio za polisi. Kama baba wa mtoto ndiye aliyempiga mama, wasingoje kwenye benchi moja wala kutoka kwa wakati mmoja. Mpe mama dakika 20 za kuondoka kwanza. Amri ya ulinzi chini ya sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2015 iandikwe siku hiyohiyo kama inahitajika.

Jina. Nairobi tunamwita mwanamke kwa jina la mwanawe, na kwa kawaida ni heshima. Kwa mama ambaye mtoto huyo ametolewa nyumbani wiki iliyopita, "Mama fulani" linaweza kuwa kisu au likawa ndilo linalomshikilia. Muulize: "Ungependa tukuiteje?" Kisha kila mtu atumie hilo. Neno "teja" lisisikike hata kwa mzaha, hata kwa karani.

Hakimu aanze kwa kueleza kitakachotokea: "Tutaongea dakika kumi na tano. Kwanza nitakuuliza wiki zako mbili zimekuwaje, kisha afisa ataeleza habari za mtoto, kisha tutakubaliana la kufanya. Ukihitaji kupumzika, inua mkono." Aulize "Nini kilikusaidia kufika leo?" kabla ya "Kwa nini ulikosa Jumanne?" Yatakayofaa zaidi kubadilishwa ni maswali yanayoanza na "kwa nini", kwa sababu masikioni mwa aliyedhulumiwa yanasikika kama "ulitaka mwenyewe".

Mzazi akiganda, macho yakatazama mbali, usimpandishie sauti. Punguza. Mwite kwa jina lake, mwambie aweke nyayo mbili sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, anywe maji. Mpeni dakika kumi nje akiwa na mshauri rika, yaani mtu aliyepona mwenyewe na kufunzwa. Kikao kiendelee baadaye siku hiyo. Kukiahirisha wiki mbili kunamfundisha kwamba mwili wake umemharibia kesi.

Mwisho, aondoke na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: mambo matatu ya kufanya, tarehe, saa, na nambari ya mtu mmoja wa kumpigia. Kumbukumbu ya mtu aliyejaa hofu haibebi mambo saba.

Hatua ya 5: Vipimo

Wiki za mwanzo pima mara mbili kwa wiki, siku zisizotabirika, wikendi zikiwemo. Kutotabirika huku kunagongana na yale tuliyosema juu ya kiwewe, na jibu ni kufanya utaratibu utabirike hata kama siku haitabiriki: kila asubuhi kabla ya saa mbili mzazi anapata ujumbe mfupi unaosema "leo ndiyo" au "leo siyo", na akiambiwa ndiyo ana hadi saa kumi jioni.

Jambo linaloumiza zaidi katika programu hizi ni kukojoa mbele ya mtu. Kwa aliyebakwa, hilo linaweza kumrudisha nyuma miezi. Mpe chaguo la mate, ambayo huchukuliwa mtu akiwa amevaa nguo zake zote na kutazamwa kunakuwa kwa kawaida tu. Udhaifu wake ni kwamba mate huonyesha siku moja au mbili tu. Ukitumia mkojo bila kumwangalia mtu, angalia joto la kikombe ndani ya dakika nne, liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi, na upime kriatinini. Chini ya miligramu 20 kwa desilita mkojo umezimuliwa kwa maji. Anayesimamia awe wa jinsia ambayo mzazi ameichagua.

Muda wa kuonekana ujulikane na timu nzima, hakimu kwanza. Alkoblo, kipimo cha pumzi, hushika pombe ya saa chache tu, kwa hiyo mtu aliyelewa Jumamosi atapita Jumatatu. Kipimo cha EtG, kinachotafuta mabaki ya pombe kwenye mkojo, hufika siku tatu hivi na zaidi kidogo, lakini hunasa hata dawa za kusafishia mikono zenye spiriti, kwa hiyo kisitumike peke yake kumhukumu muuguzi au mfanyakazi wa usafi. Heroini huonekana siku mbili au tatu. Bangi kwa mvutaji wa kila siku hukaa hadi siku 30, na mzazi aliyeacha kweli wiki mbili zilizopita bado ataonekana ana bangi. Usimwite mwongo. Vikombe vingi vya kawaida vya kupima mkojo papo hapo havina kipimo cha miraa, na miraa na muguka ni halali. Kama timu inataka mzazi aziache, iandike na ieleze sababu inayomhusu mtoto.

Sasa makosa ya vipimo, maana hapa watoto hupotezwa bila sababu. Dawa ya kikohozi yenye kodini huonyesha afyuni. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya antibiotiki za jamii ya kwinoloni zinaweza kufanya vivyo hivyo. Efavirenzi, dawa ya VVU, inaweza kuonyesha bangi. Rifampisini na efavirenzi pia hushusha methadone mwilini, hivyo mtu aliyeanza dawa ya TB anaweza kupata arosto ghafla akiwa anakunywa methadone yake kila siku. Na methadone yenyewe haionekani kwenye kipimo cha kawaida cha afyuni; ina kipimo chake. Kanuni iwe hii: kabla ya kuchukua sampuli, andika dawa zote anazotumia, matokeo ya kikombe mzazi akiyakataa yaende maabara kuthibitishwa, na hakuna amri inayogusa mtoto itakayotolewa kwa kikombe peke yake.

Hatua ya 6: Mtu akiteleza

Atateleza. Panga jibu kabla hajateleza.

Tenga vitu viwili. Kuhudhuria na kusema ukweli mzazi anaviweza tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo kukosa kikao au kughushi sampuli kuna adhabu ndogo, ya haraka na ya hakika: kuripoti mara moja zaidi kwa wiki, kuandika barua, kuitwa mwisho siku ya kikao. Kuacha kabisa kutumia hukawia, kwa hiyo matumizi hujibiwa kwa tiba: ongeza vikao, badilisha dawa, tafuta kilichotokea. Mara nyingi kilichotokea kina tarehe: siku ya kumbukumbu ya kifo, siku baba wa mtoto alipotoka jela, usiku wa kubomolewa nyumba. Mzazi aliyejileta mwenyewe na kusema "nilikunywa Jumapili" apongezwe kwa kusema kabla ya kuulizwa kuhusu kunywa.

Sifa zizidi adhabu, kwa uwiano wa nne kwa moja hivi. Hazihitaji bajeti: kuitwa kwanza, kupigiwa makofi, cheti cha siku 30, hakimu kumwambia kitu mahususi alichokiona. "Umefanya vizuri" haitoshi. "Umefika kliniki siku 14 mfululizo, na mvua ile" inatosha.

Hatua ya 7: Kuonana na mtoto

Muda wa kuonana na mtoto usiwe zawadi wala adhabu. Kumnyima mama mtoto kwa sababu ya kikombe cha mkojo ni kumwadhibu mtoto. Kinachobadilika ni kiwango cha usimamizi, na kinabadilishwa kwa sababu ya usalama wa siku ile tu: mzazi akija amelewa, ziara hiyo inaahirishwa na inapangwa nyingine ndani ya siku mbili.

Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, mara moja kwa wiki ni kidogo mno. Lenga mara tatu, hata kama ni saa moja moja, kwa nyanya au shangazi anakoishi, maana mtoto wa umri huo hupima upendo kwa kurudiarudia. Kituo cha polisi na ofisi ya chifu si mahali pa ziara. Mpe mzazi kazi: amlishe, ambadilishe, amsomee. Mwandalie na kuagana, kwa sababu kilio cha mtoto mlangoni ndicho kinachompeleka mzazi kwenye kilabu cha pombe jioni ile. Mshauri rika ampigie ndani ya saa mbili baada ya ziara.

Jamaa anayemlea mtoto pia aitwe kikaoni. Nyanya anayelea watoto wanne kwa kufua nguo anaweza kuwa na hasira halali kwa mwanawe. Msipomsikiliza yeye, ziara zitaharibikia mlangoni kwake.

Hatua ya 8: Saa ya mtoto

Marekani, sheria ya 1997 inataka hatua za kukatisha haki za mzazi zianze mtoto akikaa nje miezi 15 kati ya 22. Uingereza inataka kesi ya malezi iishe ndani ya wiki 26. Timu ya Nairobi ijiwekee yake na kumwambia mzazi siku ya kwanza. Mpango unaowezekana ni miezi 12: miwili ya kutuliza mwili, minne ya tiba na vikao kila wiki mbili, mitatu ya kumrudisha mtoto hatua kwa hatua, kuanzia mchana hadi wikendi hadi kabisa, na mitatu ya kusimamia akiwa nyumbani, vikao vikiwa mara moja kwa mwezi. Tiba ya kiwewe chenyewe ianze mzazi akiwa na wiki kadhaa za utulivu, si kabla. Mwezi wa sita fanya mapitio makubwa na uandae mpango wa pili, tuseme jamaa kuwa mlezi wa kudumu, sambamba na ule wa kwanza. Mzazi aujue mpango huo wa pili. Kumficha ni usaliti, na usaliti ndio uliomleta hapo.

Usifunge faili kabla ya siku 90 mfululizo bila kutumia, na mzazi wa methadone ahesabiwe sawa na wengine. Mtoto asirudishwe wiki ileile mzazi anapohama nyumba au kuanza kazi mpya.

Amri ya mwisho itaje mambo kwa majina: kliniki atakayoendelea nayo, kikundi anachohudhuria na siku yake, jamaa atakayemchukua mtoto usiku mzazi akihisi anateleza, na kwamba kumpigia jamaa huyo hakutafungua kesi upya. Nakala moja abaki nayo mzazi, nyingine nyanya, ya tatu afisa wa watoto wa eneo lao. Afisa apige simu siku ya 30, ya 90 na ya 180, na tarehe hizo ziingizwe kwenye kalenda ya ofisi kabla faili halijapelekwa masijala, kwa sababu afisa wa leo huenda amehamishwa kufikia siku ya 90.